Bendera Nyuma ya Madhabahu: Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita tuligusia, kwa aya chache tu, tabia inayozidi kuonekana ya kuichanganya imani ya Kikristo na siasa kali za utaifa. Aya hizo chache zimetuletea barua nyingi, na sehemu kubwa ya barua hizo imetoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi. Tumechagua tano. Majina ya waandishi tumeyaacha kwa ombi lao, na majibu hayakulingana kwa urefu kwa sababu maswali nayo hayakulingana kwa uzito.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mzee wa kanisa huku Njoro. Tangu mwaka jana kiongozi wetu wa vijana amekuwa akiwaonyesha wenzake kwenye simu mahubiri ya wachungaji wa Marekani, na sasa ameleta pendekezo katika baraza la wazee kwamba bendera ya taifa itundikwe nyuma ya madhabahu, kila ibada ianze kwa kiapo cha utiifu kwa nchi, na itangazwe kwamba Kenya ni mali ya Kristo na wasiokuwa Wakristo ni wageni waliokaribishwa. Baadhi ya wazee wameliunga mkono, wakisema hata wimbo wetu wa taifa ni sala. Je, kuna ubaya gani Mkristo akiipenda nchi yake?*
— Mzee wa kanisa, Njoro

Mzee wetu, kuipenda nchi si dhambi, na mtu asiyeguswa na taabu za jirani zake huku akidai kumpenda Mungu ana maswali yake ya kujibu. Wimbo wa taifa ni sala kweli, lakini tuusikilize vizuri. Unaomba baraka, unaomba haki iwe ngao na mlinzi, unaomba tukae na undugu, amani na uhuru. Hakuna mahali unapodai kwamba Mungu amewachagua Wakenya kuliko mataifa mengine, wala hausemi ni Mkenya wa dini gani anayeruhusiwa kuuimba. Anayesema "tubariki" amekiri kwamba ni mhitaji. Anayesema "sisi ndio tuliobarikiwa, ninyi ni wageni" ameacha kuomba na ameanza kugawa vibali.

Mafundisho ambayo kijana wenu ameyaokota kwenye simu yanaanza na dai kwamba dola ni mali ya dini moja. Dai hilo likishakubaliwa, la pili huja lenyewe, kwamba raia kamili ni muumini wa dini hiyo, na mara nyingi ni mtu wa damu fulani pia, na wengine wote wanaishi nchini kwa hisani. Kutoka hapo hatua iliyobaki ni fupi: kiongozi anayeutetea mpango huo anatangazwa kuwa amepakwa mafuta na Mungu, kwa hiyo kumshinda kwenye sanduku la kura au kumshtaki mahakamani kunahesabiwa kuwa ni kupigana na Mungu mwenyewe.

Historia ya Marekani kwenyewe haiwaungi mkono wanaosema kwamba nchi hiyo iliundwa iwe dola ya Kikristo. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 ilikataza sharti lolote la dini kwa mtu anayetafuta cheo cha serikali ya kitaifa. Marekebisho ya kwanza, yaliyoanza kutumika mwaka 1791, yakalizuia Bunge kuanzisha dini. Na mwaka 1802 Rais Thomas Jefferson akawaandikia Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, juu ya ukuta unaotenganisha kanisa na dola. Inafaa kukumbuka kwamba waliokuwa wamelalamika ni Wabaptisti wenyewe, kwa kuwa waliishi katika jimbo lililokuwa na kanisa lake rasmi, na kanisa hilo halikuwa lao. Maneno ya kumtaja Mungu katika kiapo cha bendera yaliongezwa mwaka 1954, na kaulimbiu inayosema kwamba taifa linamtumaini Mungu ikapitishwa mwaka 1956, katika miaka ya Vita Baridi, nchi ilipotaka kujitofautisha na Wakomunisti. Wengine walikwenda mbali zaidi ya kaulimbiu. Mwaka 1915 Ku Klux Klan ilifufuliwa juu ya Stone Mountain, Georgia, kwa msalaba uliowashwa moto, na wafuasi wake wakajiita watetezi wa Ukristo wa Kiprotestanti huku wakiwatesa watu weusi na kuwaandama Wakatoliki na Wayahudi. Tarehe 6 Januari 2021, katika umati uliokwenda kulivamia jengo la Bunge mjini Washington ili kuzuia kuidhinishwa kwa matokeo ya uchaguzi, kulikuwa na misalaba na bendera zenye jina la Yesu, na baadhi ya wavamizi walisimama ndani ya ukumbi wa Seneti wakaomba kwa sauti, wakimshukuru Mungu kwa nafasi hiyo.

Tukirudi kwetu, Katiba ya mwaka 2010 inamtambua Mungu Mwenyezi katika utangulizi wake, na katika utangulizi huo huo inajivunia tofauti zetu za kikabila, kitamaduni na kidini. Kifungu cha 8 kina sentensi moja fupi: hakutakuwa na dini ya taifa. Kifungu cha 91 kinakataza chama cha siasa kuundwa kwa msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Na kuhusu hao wanaoitwa wageni, mwambieni kijana wenu afunge safari hadi Mumias. Uislamu ulifika katika makao ya Nabongo, mfalme wa Wawanga, pamoja na wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani, katika karne ya 19, ilhali Waquaker wa kwanza walifika Kaimosi mwaka 1902. Kama uenyeji ungepimwa kwa tarehe ya kufika, katika sehemu hizo ni sisi Wakristo ambao tungekuwa tunaomba viti.

Ushauri wetu ni kwamba bendera ipandishwe uani siku za Madaraka na Jamhuri, na vijana waiheshimu. Nyuma ya madhabahu pasiwekwe kitu ambacho mkimbizi kutoka Kongo au Sudan Kusini, akiingia kuabudu, kitamwambia kwamba amekosea nyumba.

*Mpendwa Mhariri, mimi ni mwimbaji wa kwaya na mwalimu wa darasa la vijana katika kanisa moja la Kondele, Kisumu. Vijana wangu wameniuliza ilikuwaje nchi ya Martin Luther, iliyojaa makanisa, ikamfuata Hitler, na kama wachungaji walikataa. Sikuwa na jibu la kuwatosha. Naomba mnisaidie, bila kufupisha sana.*
— Mwalimu wa vijana, Kisumu

Mama, umeomba tusifupishe, nasi tunatii.

Kwanza vijana wafahamu kwamba kanisa la Kiprotestanti la Ujerumani lilikuwa limezoea kukaa kivulini mwa mtawala. Hadi mwaka 1918 wafalme na watawala wa maeneo ndio waliokuwa wakuu wa makanisa ya maeneo yao. Ujerumani iliposhindwa vitani na mfalme akakimbia, wachungaji wengi walijiona yatima, wakaichukia jamhuri mpya na vyama vyake. Ukafuata Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ambao Wajerumani wengi waliuona kuwa fedheha. Ukafuata mfumuko wa bei wa mwaka 1923, uliomeza akiba za watu. Na mwaka 1932 watu wapatao milioni 6 hawakuwa na kazi. Katika hali hiyo, chama cha Hitler, kilichotangaza tangu mwaka 1920, katika kipengele cha 24 cha programu yake, kwamba kinasimamia Ukristo usiofungwa na dhehebu lolote, kilionekana kwa wengi kuwa jibu la maombi. Wachache walijiuliza kwa nini kipengele hicho hicho kiliwataja Wayahudi kama adui.

Mwaka 1932 likaundwa kundi lililojiita Wakristo wa Kijerumani, lililotaka kanisa moja la taifa lenye kufuata damu na ardhi. Hitler alishika madaraka tarehe 30 Januari 1933. Siku mbili baadaye mchungaji kijana, Dietrich Bonhoeffer, alizungumza redioni akionya kwamba kiongozi anayekubali kugeuzwa sanamu anageuka kuwa mpotoshaji, na matangazo yake yakakatwa kabla hajamaliza. Julai mwaka huo ulifanyika uchaguzi wa kanisa, Hitler akawafanyia kampeni Wakristo wa Kijerumani kwa redio usiku wa kuamkia kura, nao wakapata takriban theluthi mbili. Hapa ndipo tungependa vijana wako wakae kidogo. Hakuna aliyewashikia waumini hao bunduki ndani ya kanisa. Walipiga kura.

Septemba 1933 sinodi ya kanisa la Prussia ilikutana, na wajumbe wengi walifika wamevaa mashati ya kahawia ya wanamgambo wa chama. Walipitisha sheria ya kuwaondoa katika utumishi wa kanisa watu wenye asili ya Kiyahudi, hata waliobatizwa. Mwezi huo huo Ludwig Müller, mtu wa Hitler, alifanywa askofu wa kanisa la taifa. Tarehe 13 Novemba, mbele ya watu wapatao 20,000 katika ukumbi wa Sportpalast mjini Berlin, kiongozi mmoja wa kundi hilo, Reinhold Krause, alidai kwamba Agano la Kale liondolewe na mafundisho ya Paulo yasafishwe. Wengi waliokuwa wamenyamaza hadi siku hiyo walishtuka, wakaanza kujitoa.

Waliokataa walikuwepo. Martin Niemöller, aliyewahi kuwa nahodha wa manowari na ambaye hapo mwanzo alikipigia kura chama cha Hitler, aliwakusanya wachungaji wenzake kupinga sheria ile ya damu. Mwishoni mwa Mei 1934 wajumbe wa makanisa walikutana mjini Barmen, wakatoa tamko lenye vipengele sita, sehemu kubwa yake ikiwa kazi ya mwanateolojia wa Uswisi, Karl Barth. Tamko hilo lilisema kwamba kanisa linasikiliza neno moja tu, yaani Kristo, na likakataa kwamba kuna eneo lolote la maisha ambalo bwana wake ni mwingine. Barth alifukuzwa kazi ya uprofesa mjini Bonn mwaka 1935 baada ya kukataa kuapa kwa Hitler bila masharti. Niemöller alikamatwa mwaka 1937, akakaa kizuizini hadi mwaka 1945. Bonhoeffer alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, vita vikiwa vimebakiza mwezi mmoja tu kumalizika huko Ulaya.

Hata hivyo usiwafiche vijana upungufu wa mashujaa hao. Tamko la Barmen halikuwataja Wayahudi hata mara moja. Kanisa lililokataa lilitetea kwanza mimbari yake, na jirani aliyekuwa akinyang'anywa duka na kazi alibaki nje ya maandishi. Oktoba 1945 viongozi wa kanisa walikutana Stuttgart wakakiri kwamba hawakushuhudia kwa ujasiri wa kutosha, na hata ungamo hilo halikulitaja jina la walioangamizwa.

Kwa kuwa wewe ni mwimbaji, tuongeze jambo moja la kwaya. Mwaka 1939 ilifunguliwa taasisi mjini Eisenach yenye kazi ya kufuta kila dalili ya Uyahudi katika maisha ya kanisa. Wataalamu wake walichapisha Agano Jipya lililochujwa, kisha kitabu cha nyimbo ambacho maneno kama "Haleluya" na "Sayuni" yaliondolewa. Wachukue vijana wako kitabu chenu cha nyimbo, wajaribu kufuta kila neno la Kiebrania, waone ni nyimbo ngapi zitakazobaki zikiimbika.

*Mhariri, mimi ni mkulima wa viazi, Molo. Mchungaji wetu si mtu mbaya, na ndiyo sababu ninaandika badala ya kuhama kanisa. Lakini kila uchaguzi unapokaribia, mahubiri ya lugha ya mama hubadilika: jamii yetu inakuwa Israeli, kiongozi wetu anakuwa Daudi, na majirani ambao tunanunua kwao maziwa wanakuwa Wafilisti. Hapa hakuna bendera wala Marekani. Je, hili nalo ni ugonjwa huo huo, au ni siasa zetu za kawaida tu?*
— Mkulima, Molo

Ndugu yetu, ni ugonjwa huo huo, na tunakushukuru kwa kuuleta kwa sura yake ya nyumbani. Wanaoandika juu ya mambo haya Ulaya na Marekani huzungumza juu ya taifa; sisi, ambao taifa letu ni changa na mara nyingi hatulioni ila siku ya mechi, tuna jamii. Mtu wa kwetu anaweza kuimba wimbo wa taifa kwa machozi na bado akaamini kwamba ahadi za Mungu ziliandikiwa ukoo wa babu zake pamoja na ardhi yote kutoka mto huu hadi mlima ule. Utaifa uliokithiri, ukifika Bonde la Ufa, hauhitaji bendera. Huhubiri kwa lugha ya mama, huomba kwa lugha ya mama, na hutafuta shamba la mtu.

Mchungaji wako akumbushwe yaliyomo katika Biblia yake mwenyewe. Yoshua, karibu na Yeriko, alimwona mtu mwenye upanga mkononi, akamwuliza kama yuko upande wao au upande wa adui zao, na jibu likawa "La". Amiri wa jeshi la Bwana hakukubali kuorodheshwa upande wowote. Katika Amosi sura ya 9 Mungu anawauliza Waisraeli kama wao si sawa na Wakushi mbele yake, kisha anasema kwamba yeye aliyewatoa Misri ndiye aliyewatoa Wafilisti Kaftori. Wafilisti hao hao! Na kama kiongozi wenu ni Daudi, basi mchungaji awe Nathani, aliyeingia kwa mfalme akamwambia usoni kwamba yeye ndiye mtu yule aliyetenda uovu. Israeli wa Biblia, ambao kila jamii inajifananisha nao, walikuwa na manabii waliowakemea karibu kila ukurasa, na sehemu hiyo ya mfano huwa haifiki kwenye mahubiri ya kampeni.

Tumeona mwisho wa njia hiyo mahali pengine barani mwetu. Huko Afrika Kusini, Makaburu waliusimulia ushindi wao dhidi ya Wazulu kwenye mto Ncome, tarehe 16 Desemba 1838, kuwa agano kati yao na Mungu. Chama kilichouleta mfumo wa ubaguzi wa rangi mwaka 1948 kiliongozwa na D. F. Malan, aliyewahi kuwa mchungaji. Wanateolojia wa upande huo waliuchukua mstari wa Matendo 17:26, panaposemwa kwamba Mungu aliwawekea mataifa mipaka ya makazi yao, wakaufanya hoja ya kuwatenga watu, wakairuka nusu ya kwanza ya mstari huo huo, isemayo kwamba mataifa yote yametoka kwa mmoja. Ilichukua hadi mwaka 1982, mjini Ottawa, kwa muungano wa makanisa ya Kireformati duniani kutangaza kwamba kuutetea ubaguzi huo kwa teolojia ni uzushi.

Rwanda iko karibu zaidi. Ilikuwa nchi yenye Wakristo wengi mno, na Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, aliketi kwa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala. Desemba 1990 gazeti la Kangura lilichapisha "amri kumi" za Wahutu, likiazima umbo la Amri za Musa ili kufundisha chuki. Aprili 1994 Watutsi waliokimbilia kanisa la Nyange waliangushiwa jengo kwa tingatinga, na padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha. Wauaji wengi na wauawa wengi walikuwa wamebatizwa katika makanisa yale yale.

Na sisi tuna Kiambaa. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisani katika kijiji hicho, karibu na Eldoret, walichomwa humo ndani, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Waki ilihesabu zaidi ya watu 1,100 waliouawa katika vurugu za uchaguzi ule, na Nakuru, Naivasha na Kisumu kila mji una wafu wake. Mwaka huo huo Baraza la Kitaifa la Makanisa liliomba radhi hadharani kwa sababu viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Yalikuwa maneno ya kiungwana, ila yalifika baada ya mazishi. Kabla ya hapo, katika mapigano ya kikabila ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo wazee wa Molo hawahitaji kusimuliwa, askofu Mkatoliki wa Nakuru, Ndingi Mwana a'Nzeki, alikuwa ameonyesha kwamba inawezekana kusema mapema: aliwatetea waliofukuzwa mashambani mwao na kuinyoshea serikali ya siku hizo kidole waziwazi.

Sasa ufanye nini? Usimwendee mchungaji siku ya Jumapili mbele za watu. Mwendee katikati ya wiki, wewe na wazee wawili wanaoheshimika, mkamwombe jambo moja tu: kwamba mahubiri yake ya kipindi cha kampeni ayatoe kwa Kiswahili, na yule anayewauzia maziwa aalikwe na aketi mstari wa mbele. Mahubiri yasiyoweza kutolewa hivyo hayafai kutolewa kabisa. Akikataa, mkumbushe kwa upole kwamba sheria ya uwiano na utangamano wa kitaifa ya mwaka 2008 inaihesabu hotuba ya chuki kuwa kosa, na haijatenga mimbari. Mwaka 2022 tume inayosimamia sheria hiyo ililiweka neno "madoadoa", ambalo huitwa kwalo watu wa jamii nyingine wanaoishi katikati ya wenyeji, katika orodha ya maneno ya uchochezi. Neno hilo limesikika sana katika eneo lenu, na si mikutanoni peke yake.

*Mhariri, sisi wa Bungoma tulikuwa na Elijah Masinde, aliyechanganya dini na siasa wazi wazi. Je, naye mtamweka katika kapu moja na hao Wajerumani?*
— Mwalimu mstaafu, Kimilili

Mwalimu, hatutamweka. Masinde aliondoka katika kanisa la Waquaker, akaongoza Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940, akidai Wazungu waondoke na mashamba yarudi kwa wenyewe. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi huko Malakisi, watu 11 wakafa, dini hiyo ikapigwa marufuku, naye akapelekwa kizuizini Lamu. Serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku mwaka 1968.

Tofauti ya kwanza ni ya nguvu. Mnyonge anayemwita Mungu wa mababu dhidi ya bunduki ya mkoloni hafanyi jambo lile lile analofanya askofu anayembariki mwenye bunduki. Tena, kama ni kutafuta utaifa uliovaa kanzu katika Kenya ya wakati ule, tungeanzia kwenye makanisa ya walowezi, ambako mfalme wa Uingereza aliombewa kila Jumapili na hakuna aliyeliita jambo hilo siasa. Pamoja na hayo, mwalimu, mnyonge wa leo anaweza kuwa mtawala wa kesho, na dini iliyomfariji wakati wa dhiki inaweza kumpumbaza akishapata. Makaburu nao walikuwa wameonja kambi za mateso za Waingereza kati ya mwaka 1900 na 1902. Swali la kumwuliza nabii yeyote wa ukombozi ni kama atakuwa tayari kuwakemea watu wake watakapokuwa na askari wao wenyewe. Masinde, kwa upande wake, aliendelea kuisumbua serikali ya Waafrika kama alivyoisumbua ya Wazungu, na wengi wa rika lako watakubaliana nasi kwamba hilo ni la kumhesabia.

*Mhariri mpendwa, mimi ni mchungaji katika kaunti ya Kakamega. Nikikemea ufisadi naambiwa naingiza siasa kanisani na nisome Warumi 13, panaposemwa kwamba mamlaka zitiiwe. Jumapili mbili zijazo mbunge wetu anakuja katika harambee ya paa, na wazee wameahidi kwamba atapewa kipaza sauti. Nifanye nini?*
— Mchungaji, Kakamega

Mchungaji, Warumi 13 isomwe, na ikishasomwa isomwe Ufunuo 13 pia, ambamo mamlaka imegeuka kuwa mnyama anayetaka kuabudiwa. Kukemea ufisadi ni kazi yako. Amosi alipofanya hivyo, kuhani Amazia wa Betheli alimfukuza kwa hoja kwamba hapo ni patakatifu pa mfalme. Ndivyo husema kila kasisi wa ikulu tangu siku hizo. Askofu Henry Okullu, aliyeongoza dayosisi ya Maseno Kusini, aliupinga utawala wa chama kimoja akiwa Kisumu, wakati ambapo kusema hivyo kulikuwa na gharama. Askofu Alexander Muge wa Eldoret aliendelea na safari yake ya Busia mwezi Agosti 1990 baada ya waziri mmoja kutishia kwamba asingetoka huko akiwa hai, akafa katika ajali ya barabarani siku hiyo hiyo akirudi. Hao waliingia katika siasa kama wakaguzi. Hawakumtangaza mgombea, wala hawakumwambia mtu kwamba Mungu ana chama.

Kuhusu mbunge, si lazima uanze vita vipya. Septemba 2021, hapo hapo Butere katika kaunti yenu, siku ya kuwekwa wakfu kwa Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kuhutubia katika ibada za Kanisa la Kianglikana. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa fedha ambazo Rais alikuwa ameichangia parokia moja. Kwa hiyo ukiwaambia wazee wako kwamba kipaza sauti hakitatolewa, hutakuwa umebuni kitu, na huhitaji kumtukana mtu.

Mwandikieni mheshimiwa barua ya adabu wiki hii, itiwe sahihi na wewe pamoja na mwenyekiti wa wazee, aelezwe kwamba anakaribishwa kwa moyo mmoja, ataketi na waumini wengine, na akitaka kuwasalimu wananchi atafanya hivyo chini ya hema lililoko nje ya ua, baada ya baraka za mwisho na baada ya kwaya kuvua majoho. Mpinzani wake naye akija, apewe hema lile lile na dakika zile zile. Bahasha yake iingie kapuni pamoja na zingine, na mweka hazina asome jumla ya sadaka yote bila kutaja nani ametoa kiasi gani.